Daftari la Jikoni

Saa kumi jioni, na hapa Łódź giza limeshaingia.
Novemba haina haya,
hulivua jua mapema kama koti lililolowa.
Nimesimama mbele ya friji, mlango wazi,
baridi inanipiga magotini,
na friji inanguruma: haya basi, sema.

Nusu kabichi. Karoti mbili
zilizolegea kama vidole vya glavu.
Matango ya siki, mtindi. Viazi, ndiyo, viazi havikosi.
Mayai.

Nampigia Bogumił, yuko kwenye tramu yake,
nasikia kengele, nasikia milango ikijibamiza.
"Leo tule nini?"
"Chochote."

Miaka kumi na tisa ya ndoa
sijaona duka linalouza chochote kwa kilo,
wala sijaambiwa chochote huungwa kwa kitunguu
au huchemshwa tu na chumvi.

Jagoda hali nyama tangu Jumanne,
ameapa mbele ya picha ya nguruwe.
Tymek hula vyeupe peke yake:
wali, jibini, nyama ya mkate.
Ganda la mkate ni langu. Maganda yote ni yangu.

Kupika si kazi, mikono inaijua njia.
Kazi ni hii inayotangulia kisu:
kuamua, na kesho kuamua tena,
kama vile jana hatukula.

Ndipo nikalishusha daftari la mama mkwe,
Leokadia, tuliyemzika Machi, udongo ungali mgumu.
Nilidhani ni la mapishi.
Humo hamna kikombe wala kijiko,
ni siku tu, na kilicholiwa,
kwa mwandiko wa karani wa kiwanda cha nyuzi,
herufi zimesimama wima kama zimepanga foleni.

Jumatatu: viazi, mtindi.
Jumanne: viazi.
Jumatano: supu ya kabichi. Mfupa kanipa Zdzisława, nikampa sabuni.
Alhamisi: supu ya jana, maji zaidi.
Ijumaa: foleni saa nne nzima. Hakuna.
Jumamosi: tambi, sukari.
Jumapili: kuku!
na ile alama ya mshangao ameikandamiza
hadi karatasi imetoboka.

Nilikuwa naitafuta tarehe ya leo, nipate kuiga.
Nikaifikia, kumi na nne Novemba, themanini na moja:
Watu wanne. Mayai matatu.
Basi.

Bogumił aliporudi, theluji mabegani,
nilimsomea akiwa anavua viatu.
Akacheka kidogo. "Nayakumbuka mayai yale!
Aliyakaanga kwa mafuta ya nguruwe, pembeni yakawa kama lesi.
Sisi tulikula, yeye alisimama pale dirishani.
Mama hakupenda mayai. Hakuyapenda kabisa."

"Lakini Pasaka," akasema Tymek,
"Bibi alikula mawili. Na langu pia nilipomwachia."

Jagoda aliinua macho kutoka kwenye simu.
Bogumił alibaki na kiatu kimoja mkononi,
cha pili mguuni, kamba haijafunguliwa,
na theluji ya mabegani ikawa maji
ikaanza kudondoka sakafuni,
nami, ajabu, sikumwambia apanguse.

Tulikaanga mayai. Na viazi, na ile kabichi,
nikaitia kisibiti kidogo.
Tymek alikula weupe, viini akampa baba yake.
Bogumił alifuta sahani kwa mkate, akaifuta tena,
kisha akanyosha mkono, akachukua na ganda
kutoka upande wangu wa meza.

Usiku, vyombo vimeshaoshwa,
niliutafuta ukurasa mtupu kule mwishoni
nikaandika kwa mwandiko wangu mbaya:
Watu wanne. Mayai tisa.
Kabichi imebaki robo.
Kesho sijui.