Sumaku ya Gerezani

Kazi yangu ni kushika kamba.
Mwishoni mwa kamba pana sumaku
iliyong'olewa kwenye spika mbovu,
na Temba, mwenye mzani, kanifunza lugha yake:
kinachoruka ni chuma, bei ya kutupa;
kinachonyamaza, weka pembeni.

Leo shangazi Sikudhani kaja kwa miguu kutoka Keko
na kopo la kahawa, zito, la marehemu mumewe.
"Nipimie," kasema. Kiti kakikataa.

Nikaanza na sarafu za mfukoni mwangu, kwa kumringia.
Mia tano ya nyati, ta!
ikarukia sumaku kama mtoto aliyeitwa chakula.
Chuma tupu hiki, shangazi, kimevishwa nikeli
kama sisi siku ya Idi.
Hamsini ya faru, ta!
Umanjano ule ni koti tu;
chini ya koti, kutu inangoja masika.

Kisha nikamimina kopo.
Shilingi za mwenge, za enzi za foleni ya sukari:
kimya.
Shaba sehemu tatu, nikeli moja,
zilikolezana motoni hata hakuna wa kuzigombanisha.
Senti tano za pembe kumi na mbili, nyekundu kama udongo wa Pugu:
kimya.
Senti kumi ya mkoloni, ile ya tundu katikati:
kimya, na uzi mweusi bado umo tunduni.

Dukani, kopo zima halinunui kiberiti.
Kwa Temba linanunua unga wa wiki mbili
na mafuta ya kupimwa.
Fedha ilikufa zamani, madini hayakuarifiwa.

Shangazi akakusanya kiganjani, akanusa.
"Zinanuka mikono yake."

Nikamkumbuka mwalimu Ngonyani, kidato cha tatu,
chaki masikioni, akitugombeza:
madini hayana harufu, enyi wavivu!
Kinachonuka ni jasho na mafuta ya ngozi
ya yule anayeyashika,
sasa hivi, anapoyashika.

Nilifungua mdomo.
Nikaufunga.

Temba akaandika kwenye daftari la mafuta na vumbi:
shaba mchanganyiko, kilo moja na robo.
Mshale ukacheza, ukarudi nyuma kidogo,
maana shangazi alikwishaingiza mkono mzanini,
na uzi mweusi ulikuwa unaning'inia
kati ya vidole vyake.

"Hiyo haina uzito," Temba akasema.
Akafuta robo, akaandika robo.