Zamu ya Kitanda

Kutoka Bunda sikuandikisha jina popote.
Nilikuwa na kitenge, rozari, sufuria ndogo,
na namba ya padre ambayo kila nikipiga haipatikani.
Mdogo wangu Nyangeta aliuliza, "Utalala wapi?"
Nikamjibu, "Giza litanionyesha."
Akacheka. Giza, alisema, halijawahi kumwonyesha mtu kitu.

Lamadi nilifika siku ya mnada.
Vyumba vimejaa wachuuzi wa ng'ombe na viatu vyao vya matope;
mhudumu wa gesti hakuinua hata uso.
Ngusa, mwenye mashine ya kusaga, ndiye aliyeniita:
"Mama, kwenye pumba kuna joto, ila utaamka mweupe."
Niliamka mweupe kweli. Watoto wa shule wakanikimbia.
Mmoja akarudi na maji ya kunawa
kwenye kopo la rangi, akaliweka mbali, akakimbia tena.

Nyashimo, katekista kasafiri na ufunguo wa kanisa.
Nikafunguliwa darasa la chekechea,
viti vya watu wa magoti mafupi.
Nikaunganisha sita, nikajikunja kama mkato wa sentensi.
Ubaoni a, e, i, o, u zilinitazama,
nami nikazisoma moja moja badala ya litania
mpaka usingizi ukanikuta kwenye o.

Siku ya tatu miguu ilikataa lami.
Nikakata kulia, nikashuka mwaloni.
Mwezi haukuwepo; taa za wavua dagaa
zilitapakaa majini kama mji usio na barabara.
Bibi Nyanzobe alinikagua miguu kabla ya uso.
"Kitanda cha mwanangu usiku hakina mtu.
Magesa yuko ziwani. Akirudi, ni chake.
Hapa kitanda kina zamu, kama zahanati."
Nililala kwenye shimo lililochimbwa
na mgongo wa kijana mzima,
mbavu zangu zikitafuta pa kukaa.
Alfajiri akasimama mlangoni, magamba kwenye kope,
akingoja kwa adabu nifunge kitenge.
"Umelala?"
"Nimelala. Umepata?"
"Makarai matatu."
Godoro lilikuwa halijapoa alipojitupa.

Nyanguge kuna nyumba ya geti la bluu.
Mwanamke aliongea kupitia nondo za dirisha:
"Leo hapana, mama."
Kisha taa ikazimwa.

Sikumlaani. Naijua swichi hiyo.
Mwaka ule wa mafuriko mtu mwenye fimbo
na chupa ya maji isiyo na kifuniko alibisha kwangu.
Anakwenda Kageye kwa miguu, alisema, anaomba kona tu.
Nikasema mume wangu hayupo.
Alikuwepo. Alikuwa anakoroma nyuma ya pazia,
na mtu yule alimsikia, nikamwona anamsikia,
akasema, "Asante, mama, lala salama,"
akashuka ngazi zangu mbili polepole
kama anayeogopa kuzichafua.
Ni asante ile iliyonitoa nyumbani,
si goti la marehemu mama, si nadhiri,
ingawa Nyangeta nilimwambia nadhiri.

Usiku huo nilikaa kwenye benchi la bodaboda.
Mvua ilinikosa kwa hatua mbili.
Mbwa wa mtu akaja, akaninusa, akabaki.

Kageye, kijana wa mapokezi alinipa fomu
na kitanda namba kumi na nne, shuka zimenyooshwa pasi.
Jina. Parokia. Ulilala wapi njiani?
Mstari wa jibu mfupi kama kidole gumba.
Nilifikiria pumba, nikafikiria ile o, na yale magamba.
Nikaandika: kwa watu.
Nikamrudishia kalamu. Nikaiomba tena.
Nikaongeza: na nje.
Akasoma, akagonga muhuri.