Maswali ya Jumamosi, Makorora

"Kocha, glavu ya mashoto ipo?"
Haipo. Geuza hii, gumba litakaa pasipo pake.

Mama Shekue anataka kujua
kwa nini mpira unaoitwa laini
umemvimbisha mwanawe jicho.
Hata mimi, mama, kila nikiudaka.

Beisi ya pili ni kiroba cha mchanga.
"Kikihama?"
Kifuate.

Baba Mwantumu, vumbi la mkonge bado nyusini:
"Wangu yuko benchi wiki ya tatu. Kosa lake?"
Nikakohoa. Nikainama kufunga kamba za kiatu,
nazo zimefungwa.

Kisha Riziki, mfupi kuliko gongo lake:
"Tunazunguka kote huko
turudi pale pale tulipoanzia.
Tumepata nini?"

Nikamtuma mtaroni akaokote mpira.
Tunao huo huo mmoja.