Kipaza Sauti cha Igombe

Mimi Lugata, wa kipaza sauti,
betri ya gari miguuni, waya umefungwa kwa mpira wa baiskeli,
juu ya jiwe lile lililoegemea jiwe lenzake.
Miaka sita nimeuamsha mwalo huu:
bei ya dagaa, mtumbwi uliokatika kamba,
mtoto aliyepotea, nani kaokota kandambili ya kushoto.

Ni mimi niliyesema ndoo ya ushuru ina tumbo.
Nilipanda nayo jiweni, nikaipindua, nikaigonga:
"Sikieni! Kitako kimetunishwa kwa nyundo!"
Nikalala mahabusu siku mbili.
Nilipotoka ndoo ilikuwa mpya,
na wanawake wa vichanja wakanilisha mwezi mzima.
Nikajiambia ulimi wangu ni mali ya umma.

Mali ya umma, mara nyingi, huibwa na mlinzi.

Maana ni mimi pia niliyesema,
msimu ule dagaa walipoikataa taa,
"Wapo wenye macho mekundu, pale juu."
Sikutaja jina. Kusema bila kutaja nakujua.
Pale juu palikuwa na nyumba moja.

Milembe: miaka sabini ya kupuliza moto wa mavi ya ng'ombe,
akibanika samaki tuliowavua sisi.
Macho yake yangekuwaje, meupe?
Usiku paa likawaka.
Alitolewa hai; mkono mmoja haukunjuki tena.
Kilio chake hakikuhitaji betri,
kilifika hadi kwenye mitumbwi.

Baraza likakaa. Mwenyekiti akasema,
"Spika izimwe. Ulimi hauna mfupa."
Mtoza ushuru akawa wa kwanza kupiga makofi;
nikaiona ile ndoo machoni mwake.
Wengine wakasema, "Kasema tu. Maneno hayana kiberiti."
Nami, Mungu anisamehe, nilikaa upande huo.

Ndipo akasimama Ng'washi, mjukuu,
kanga yake ingali inanuka paa:
"Kiberiti kilikuwa cha watu wanne, nao wako polisi.
Lakini njia ya kwetu walielekezwa
saa kumi na mbili asubuhi, kwa sauti ya kutosha.
Mkiizima spika leo, kesho ndoo itaota tumbo,
na bibi yangu atasemwa chini chini, kwenye foleni ya maji,
mahali nisipoweza kujibu.
Sitaki huyu anyamaze.
Nataka apande jiwe lilelile, saa ileile,
aseme alisema uongo, na safari hii ataje jina.
Lake.
Kisha anipishe."

Nilipanda. Jiwe lilikuwa na umande.
Neno "uongo" liligonga miamba ya ng'ambo,
likarudi, likanikuta mdomo wazi.
Akashika yeye. Akapuliza mara mbili, fu, fu,
kama kila mgeni wa maiki.
Akasoma bei ya dagaa.
Akasoma bei ya dawa za kuungua.
Akanyamaza, waya ukanguruma peke yake.

Siku hizi tunapokezana.
Habari ya mtu naipeleka kwanza mlangoni kwake,
hata kama mlango huo una mbwa.
Jioni napita kwa Milembe. Huniuliza, "Kesho utasema nini?"
Pengine hujibu, "Hilo liseme."
Pengine huutazama mkono wake tu, nami naondoka.

Jana mtoza ushuru kaja na mizani mpya, inang'aa.
Sijaipindua bado.
Nitaipindua.