Kona ya Maharagwe

Ukitoka stesheni ya Nakuru ukielekea magharibi,
Menengai bega la kulia, ziwa bega la kushoto,
utafika Tangi Mbili.
Tangi ni moja.
La pili lilikatwa vipande mwaka wetu wa darasa la saba,
likapakiwa mkokoteni na mtu aliyesema ametumwa na baraza la mji.
Hakuna aliyemtuma.
Jina tumeliacha lilivyo:
kubadilisha mhuri wa shule ni gharama.

Kabla yetu palikuwa na mkonge,
mali ya bwana ambaye vibarua walimwita Kipara
akiwa mbali.
Kabla ya mkonge palikuwa na malisho.
Hilo halikuwa katika daftari zetu za jiografia;
tulilisikia kwa Taprandich,
aliyeyataja majina ya vilima
kama mtu anayeita ng'ombe jioni, mmoja mmoja,
halafu akanyamaza kabla hawajatimia.

Shamba likanunuliwa kwa hisa.
Wanahisa walichota nambari ndani ya kofia ya mvua,
na baba yangu, Gachanja, akachota ishirini na tisa,
ploti ya mawe,
akapata na kazi ya siku arobaini:
kushika mnyororo wa sorveya.
"Ncha ya nyuma," alipenda kusisitiza.
"Ya mbele hushikwa na mwenye mshahara."

Barabara ilikusudiwa kunyooka.
Ilinyooka toka tangini hadi kwenye mgunga,
ikamkuta Taprandich amesimama ndani ya maharagwe yake,
jembe chini, mikono kiunoni.
Hakupiga kelele.
"Wiki tatu," alisema. "Yameshatoa maua."
Sorveya Makokha akatazama mawingu,
akatazama saa, akatazama viatu vyake,
akamwambia baba: "Zunguka."

Baba akazunguka. Hatua kumi na mbili, alituambia.
Kalamu nayo ikazunguka kwenye karatasi,
karatasi ikaenda Nairobi, ikarudi na muhuri.
Maharagwe yakavunwa, yakapurwa, yakaliwa,
kibaba kimoja kikaletwa kwetu ndani ya mkebe wa Kimbo.
Kona ikabaki.

Nguzo za stima zikaja, zikapinda nayo.
Lami ikaja miaka thelathini baadaye, ikapinda.
Odera akajenga kibanda pale pale,
kwa kuwa gari likipunguza mwendo
abiria hukumbuka njaa.
Lori la kokoto limeanguka hapo mara mbili,
na mara zote mbili tulipata kokoto za kukarabatia kanisa.

Mvua ya Aprili moja, ardhi ilipasuka.
Ufa ulipita chini ya choo cha Onsare, ukakimeza usiku
kwa ustaarabu, hakuna aliyekuwa ndani.
Wataalamu wakaja na kamba, wakaandika, wakaondoka.
Baba akafungua ramani yake, akautafuta ule ufa, hakuuona.
"Ardhi nayo," akasema, "ina sorveya wake."

Kuna mwaka hatuutaji kwa nambari.
Waliohama walihama na magodoro kichwani,
gizani, wakiifuata kona kwa nyayo.
Wengine walirudi.
Ploti ya kumi na saba, ua wake umekuwa msitu;
jirani hukata upande wake tu,
hakati hata tawi moja la upande wa pili,
labda kwa heshima,
labda kwa aibu. Sijawahi kumuuliza.

Mwaka jana walikuja vijana wenye helmeti za manjano
kuinyoosha barabara.
Wakafungua hatimiliki, wakakuta kila mpaka umeegemea kona,
ploti arobaini, kama watoto waliolalia mkono wa mama:
ukiuvuta, wote wanaamka.
Wakanywa chai kwa Odera. Wakaenda zao.

Juzi, baada ya kumzika baba,
nilikwenda kuipima kwa miguu,
asubuhi, kabla ya pikipiki.
Nilihesabu hatua kumi na nne.
Nikarudi, nikahesabu tena. Kumi na nne.
Ama miguu yangu ni mifupi,
ama baba, Makokha alipogeuza kichwa,
alimwongezea yule mama mistari miwili.