Kofia Nne na Feni Moja

Nilishuka mjini kwa miguu kutoka Tibirinzi,
laki tatu na arubaini ndani ya bahasha ya dawa,
bahasha ndani ya kibeti, kibeti kwapani.
Kofia nne hizo. Miezi kumi na mmoja ya sindano.

Duka la Mselem limepakana na muuza vitenge.
Kompyuta zimepangwa, zingali na stika za zilikotoka:
mali ya idara ya hesabu, mali ya hospitali,
mali ya skuli isiyojulikana nchi gani.
Zimestaafu kwao, kwetu zinaanza kazi.

“Unamtakia kaka?”
“Najitakia mwenyewe.”
“Ya kuandikia?”
“Ya kuchezea. Mpira, na magari,
na ile ya kujenga mji kuanzia mtaro wa maji machafu.”
Akacheka kwa pua.
Mie nikavua viatu, nikakaa sakafuni.

Akanipa laptopu nyembamba,
nyeusi, inang’ara kama halua ya moto.
Nikaifungua, bawaba ikalia.
Nikachomeka flashi yangu yenye gemu:
mchezaji akakimbia hatua mbili
akaganda mguu juu,
kama mtoto aliyeitwa na babake.
Nikaigusa tumbo. Pasi!
“Hii nzuri ya kuandikia barua,” nikamwambia.
“Barua fupi.”

Chini ya meza palikuwa na debe la kijivu
limebonyea pembe moja.
“Na lile?”
“Lile baya.”
“Sijauliza sura.”
Akalifungua kwa bisibisi, likatema vumbi la ugenini.
Ramu gigi nane, na nafasi mbili wazi
za siku Mungu akijaalia.
Diski ya zamani, inakwaruza
kama panya kwenye makuti.
Kadi ya picha ndogo, ya miaka saba,
lakini ipo.
Feni moja, ubawa mmoja umekatika ncha.

Sikusomea mitambo. Nimesomea tundu.
Kofia nzuri huijui kwa maua yake;
unaiinua kwenye mwanga
ukatazama upepo utapita wapi.
Kichwa kisipopumua, kofia ni sufuria.
Nikaliinamisha lile debe kuelekea mlangoni,
mwanga ukapenya matundu yake yote.

Tukaliwasha. Mchezaji akakimbia mpaka golini.
Akakosa,
lakini alikosa kwa kukimbia.

“Laki nne,” alisema Mselem.
Hapo ndipo nilipomtazama kichwani.
Ua la tatu, nyuma ya sikio,
lina petali tano badala ya sita:
usiku ule umeme ulizimika,
nikamalizia kwa tochi ya simu.

“Hiyo uliinunua kiasi gani?”
“Laki na sabini. Kazi ya mkono hii, dada!”
“Najua. Mkono wenyewe huu.
Mie nilipata thamanini na tano.”

Akaivua. Akaigeuza ndani nje,
kule kwenye mafundo, ambako mvaaji haangalii.
Akahesabu petali kwa ukucha.
Dalali sikumtaja.
Pemba ndogo.

“Lete laki tatu na ishirini,” akasema,
bila kuniangalia.
“Hiyo ishirini kanunulie feni.”

Kioo sina. Tunachomeka kwenye televisheni ya mama
taarifa ya habari ikishakwisha.
Debe linaguruma chini ya kitanda chake;
usiku wa kwanza aliuliza tumefuga nini.
Rufea, mdogo wangu, ananisomea maelezo,
mie nacheza.
Sugu ya kidole gumba imelala juu ya kitufe
kana kwamba iliota kwa ajili yake.

Kofia ya tano iko kapuni, tundu nusu.
Kesho, inshallah.
Sasa hivi tuko nyuma bao moja,
na zimebaki dakika sita.