Ripoti Inasema Hali ya Hewa

Ripoti imekuja kwa bahasha ya kaki,
kurasa kumi na moja, muhuri wa zambarau.
Inasema: hali ya hewa.
Nimeisoma barazani Kibokoni, jasho langu
likadondoka juu ya neno *theluji*,
wino ukavimba.

Fumo, ndugu yangu, alikuwa wa kiwanda cha barafu, Liwatoni.
Miaka sita alibeba mapande begani,
gunia tu likimtenga nayo.
Akirudi hutania: "Baridi naijua mimi,
nakula mshahara wake."
Lakini baridi ya Liwatoni ina mlango.
Ukichoka unatoka, unakuta jua.

Mazoezi waliyafanyia daraja la Nyali,
watu saba, migongoni mifuko ya mchanga,
alfajiri kabla malori hayajaamka.
Mji wetu hauna mlima. Tuna daraja,
tuna ngazi za lile ghorofa la Tudor lenye lifti mfu.
Miguu ikawa chuma.
Mapafu yakabaki ya pwani.

Likizo ilikuwa siku nne.
Hapo ndipo ninapoanzia mimi, si mawinguni.
Mlima hutaka uupande kwa adabu,
upande, ulale, uingoje damu ijifunze.
Wao waliuendea mbio kama wanaowahi feri.

Siku ya pili Mbwarali alitapika.
Akasema ni samaki wa kopo.
Nani angesema kichwa kinampasuka,
naye nauli kachangiwa na mtaa mzima,
na bendera ya duka la saruji imo mfukoni,
inangoja kupigwa picha kileleni?
Mizigo yote ilipimwa kwa mizani, kilo kwa kilo.
Aibu haikupimwa.

Mwakio, mtu wa Taita, aliyezaliwa vilimani,
ndiye pekee aliyesema turudi.
Wakamwita kuku.
Akarudi peke yake. Yuko hai, na hapiti tena mtaa huu.

Mwalimu Shekue, kiongozi wao, alikuwa ameandika daftarini
kwa mwandiko wake wa ubaoni:
*Saa nne asubuhi tunageuka, tumefika, hatujafika.*
Daftari lilirudi. Watatu hawakurudi.
Saa nne iliwapita wakikiona kilele,
na kilele kikionekana hudanganya
kama ng'ambo ya Likoni, unadhani jiwe lako litafika.
Saa sita, bado kidogo.
Saa nane wakapiga picha.

Nimeiona. Wanacheka.
Fumo amevaa koti la mtumba tulilolinunua Kongowea,
mia nane, baada ya mimi kubishana hadi muuzaji akachoka.
Zipu ilikuwa mbovu, nikamshonea vifungo vya kanzu ya baba.
Nyuma yao, ukitazama sana,
mawingu yamekwisha kufika.

Kamba ilitoka bandarini, Kilindini,
ya bure, imestaafu kufunga meli.
Jua lilikuwa limeila ndani kwa ndani, nje ikang'aa.
Haikulia hata, anasema Shekue.
Ilikatika kama uzi wa tasbihi.

Wakaja watu na rambirambi.
Mungu kapenda, wakasema,
nami nikaitikia, maana ndivyo inavyoitikiwa.
Usiku nawahesabu waliopenda kabla Yake:
aliyependa siku nne,
aliyependa bendera, aliyependa kamba ya bure,
wote waliopenda *bado kidogo*.
Na mimi, niliyeipenda bei ya koti.

Mwalimu Shekue huja Ijumaa.
Vidole vitatu vya kulia vililiwa na baridi,
kikombe hukishika kwa vilivyosalia.
Hatuzungumzi mengi.
Juzi aliniomba daftari, nikampa.
Akaitafuta ile kurasa, akaweka gumba juu ya *saa nne*,
akalikandamiza pale,
kama mtu anayezuia damu.

Akaniuliza sasa ni saa ngapi.
Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu.
Nikammiminia kahawa.